Bendi Inapiga, Mashine Inakula

Kuna msanii mmoja ambaye wahakiki wetu hawamgusi: yule anayeimba kasino. Tamthilia ikifunguliwa Kenya National Theatre utapata mtu ameandika. Gengetone iliandikwa hadi ikachoka. Hata kwaya ya matanga ikiimba vizuri kuna mtu ataweka uzi mtandaoni. Lakini yule mama wa gauni la kumeta anayeimba rumba saa tano usiku, mgongo wake ukiwa umeelekea mashine za kamari, huyo hana mhakiki. Hadhira yake iko bize ikihesabu chipu.

Mimi nataka kumwandikia, na sababu yangu si huruma. Natoka Isiolo. Mji wetu haujawahi kuwa na kasino ya maana, lakini tumeahidiwa mji mzima wa starehe. Tangu Ruwaza ya 2030 izinduliwe mwaka 2008, na hasa baada ya mradi wa LAPSSET kuzinduliwa Lamu mwaka 2012, Isiolo imekuwa kwenye orodha ya miji mitatu ya mapumziko, pamoja na Lamu na Turkana. Wetu ulipangiwa Kipsing, magharibi ya mji. Ukikaa kwa kibanda cha chai Bula Pesa na utaje Kipsing, hutakosa msee wa kusema "Vegas yetu" na wengine wacheke. Nami nikauliza swali ambalo pale kibandani halina mteja: huko Vegas yetu, nani atakuwa jukwaani, na jukwaa lenyewe litakuwa la kazi gani?

Kwa hivyo twende Vegas kwanza, tena si ile ya sinema. Vegas ya zamani iko katikati ya mji, Fremont Street. El Cortez ilifunguliwa 1941, Golden Nugget 1946, hoteli ya Fremont 1956. Hizo kasino za mjini hazikuwa na nafasi ya kujenga kumbi kubwa kama zile zilizokuja kuota kando ya barabara kuu nje ya mji. Mara nyingi zilikuwa na baa yenye kijukwaa, na bendi ikapangwa pale karibu na meza za karata. Mwaka 1958 kijana wa miaka 16 aliyeitwa Wayne Newton aliletwa Fremont pamoja na kaka yake kwa mkataba wa wiki mbili. Wakakaa miaka mitano, wakipiga shoo sita kwa siku. Sita! Na kwa sababu sheria ya kule hairuhusu mtu wa chini ya miaka 21 kucheza kamari, kijana huyo alikuwa anaimba ndani ya nyumba ambayo hakuruhusiwa kugusa biashara yake.

Nimeikalia hiyo picha sana. Shoo sita kwa siku si sanaa ya kuita watu waje waketi watulie. Ni sanaa ya kuvuta mpita njia kwa dakika kumi, umshikilie, halafu umwachilie karibu na meza. Mara nyingi shoo ya kasino haikutarajiwa kujilipa yenyewe. Tiketi iliuzwa rahisi au haikuuzwa kabisa, chakula kikawa bei ya chini, na hasara yote ikafidiwa na mashine. Hata ramani ya jengo ilishiriki. Kumbi kubwa ziliwekwa ndani kabisa, ili kuingia na kutoka kwenye shoo ulazimike kupita katikati ya kamari. Ukumbi ulikuwa chambo, na chambo kizuri hakimshibishi samaki.

Hapo ndipo ninapopata kanuni ya usanii wa kasino, ambayo sijaiona ikiandikwa kwa Kiswahili: uwe mzuri kiasi cha kumfanya mtu aingie, lakini usiwe mzuri kiasi cha kumfanya asahau meza. Ukiwa mbaya utafutwa. Ukiwa mzuri kupita kiasi, watu watageuza viti wakutazame, na meneja ataanza kukuangalia kwa jicho lingine. Msanii anatafuta ile nukta ya katikati usiku hadi usiku. Wengine wanaweza kudharau ustadi huo. Mimi naona ni ustadi mgumu, na ni ustadi wa kusikitisha.

Nairobi ilikuwa na toleo lake. Ukiwauliza wazee wa jiji watakutajia Florida kabla hujamaliza swali. Ile ya Koinange Street ilikuwa jengo la mviringo lililokaa juu ya kituo cha mafuta kama sahani iliyotua kutoka angani, na nyingine, Florida 2000, ilikuwa Moi Avenue. Watu wa kizazi changu tulikuta moja imeshabomolewa na nyingine ikiwa hadithi. Hizo zilikuwa klabu za usiku kwanza, lakini zilikuwa na kitu ambacho klabu za leo zimeacha: usiku ukikomaa muziki wa disko unakatwa, sakafu inafunguliwa, wanenguaji wa mavazi ya manyoya na vito bandia wanatoka, wanapiga shoo iliyofanyiwa mazoezi, halafu disko linarudi. Mombasa, Florida ilijengwa Mama Ngina Drive, ikielekea bahari, na huko kamari na shoo zilikaa chini ya paa moja kabisa. Museum Hill, ng'ambo ya makumbusho ya taifa, kulikuwa na International Casino, na ndani yake mgahawa wa Toona Tree uliojulikana kwa bendi za jazi za wikendi. Thika Road, Safari Park ya kampuni ya Kikorea ya Paradise ilikuwa na kasino yake na wanenguaji wake, Safari Cats, waliocheza pamoja na wanasarakasi huku wageni wakila nyama choma.

Angalia hiyo orodha vizuri. Kwa miaka mingi, kama ulikuwa mnenguaji au mwanasarakasi wa Nairobi na ulitaka mshahara wa kila mwezi, si bahasha ya shoo moja, milango ilikuwa michache: Bomas of Kenya, hoteli za watalii, na nyumba kama hizi. Ukumbi wa taifa haukukuajiri. Chuo kikuu hakikukuajiri. Aliyekulipa ili ufanye mazoezi kila siku ni mtu anayeuza pombe, nyama au chipu za kamari. Nikisikia watu wakisema zile shoo zilikuwa uchafu tu, nawauliza: shule ya dansi ilikuwa wapi? Kuna binti aliyejifunza pale kusimama kwenye mwanga, kuhesabu nane bila kuangalia miguu, kurekebisha vazi lililokatika katikati ya wimbo bila mtu kujua. Hayo ni masomo. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo labda nina upendeleo kwa watu waliosomea kazini.)

Lakini nisiwapambe. Shoo nyingi za aina ile zilikuwa na tatizo ndani ya umbo lake. Zilikopa manyoya ya Paris na Vegas, zikachanganya na "Afrika" ya kadi za posta: ngao, ngozi ya chui ya kitambaa, ngoma zikipigwa kwa kasi ambayo hakuna kijiji kinaitumia. Mnenguaji Mkenya alikuwa anamwigiza Mwafrika mbele ya mtalii ambaye tayari alikuwa amemwona Mwafrika huyo kwenye sinema. Linganisha na Bomas. Ilianzishwa na serikali mwaka 1971, na kundi lake, Harambee Dancers, lilijengwa kwa wazo kwamba mchezaji mmoja anaweza kucheza ngoma za jamii zote. Wazo hilo nalo lina kasoro zake. Ukimtazama mtu akicheza isikuti halafu dakika tano baadaye akiruka kama Msamburu, unaona ngoma zikigeuka kuwa sare za kubadilisha nyuma ya pazia. Hata hivyo Bomas ilikuuzia tiketi ya kuona ngoma. Uliketi, ukatazama, ukaenda nyumbani. Hakuna aliyekuwa anasubiri mzunguko wa pili ili akuuzie kitu kingine.

Mwaka jana nilienda kasino moja ya zamani katikati ya jiji, sitaitaja, na rafiki yangu anayepiga kinanda huko siku za katikati ya wiki. Nilikuwa naenda kumsikiliza yeye. Bendi ilikuwa ya watu wanne: kinanda, besi, mpiga ngoma anayetumia brashi badala ya vijiti, na mwimbaji wa kike wa miaka hamsini hivi. Zulia lilikuwa jekundu lililogeuka kahawia. Saa haikuwepo ukutani. Dirisha pia.

Yule mwimbaji alikuwa hatari. Nasema hivyo nikiwa nimesikia waimbaji wengi wenye majina makubwa wakipiga kelele kwenye vinasa sauti. Alikuwa na ile sauti ya chini ya rumba, isiyo na haraka, na aliimba Kilingala kama mtu anayekumbuka, hata kama alikuwa Mluhya wa Kakamega, kama nilivyokuja kuambiwa. Kwenye wimbo wa tatu alishikilia neno moja muda mrefu mno, na kwenye meza ya ruleti mzee mmoja wa Kihindi akainua kichwa. Akaangalia jukwaa. Chipu zake zilikuwa bado mkononi.

Papo hapo mwanamume wa suti akapita nyuma ya spika na kumwonyesha rafiki yangu kiganja, akikishusha polepole. Punguza. Rafiki yangu akapunguza. Mwimbaji akasogea inchi mbili kutoka kwa maikrofoni bila kukata wimbo, akiwa anatabasamu, kama mtu aliyeifanya mara elfu. Yule mzee akarudi kwenye chipu zake.

Kama ningekuwa natafuta tendo moja la kueleza jukwaa la kasino, lingekuwa zile inchi mbili. Hakuna aliyemtukana. Walimlipa vizuri, rafiki yangu anasema, na kwa wakati, jambo ambalo wenye tamasha kubwa za wazi wengi hawajalijua. Lakini kipaji chake kilikuwa na kitufe, na kitufe kilishikwa na mtu wa suti. Baada ya dakika arobaini walipewa mapumziko, na mapumziko hayo hayakuwa ya bendi, yalikuwa ya meza. Wahudumu wakapita na sandwichi za bure kwa wanaocheza. Sisi tuliokuja kusikiliza tulinunua soda kwa bei ya mlo.

Nilimuuliza mwimbaji wakati wa mapumziko kama haimuudhi watu wasipomtazama.

"Kijana," akaniambia, "hapa hakuna mtu amewahi kunirushia chupa."

Sikuwa na swali la pili.

Sasa ndiyo nataka kusema kitu ambacho wenzangu wengi hawatapenda. Kamari ya leo ni mbaya kuliko ile ya kasino ya mjini, na sehemu ya ubaya wake ni kwamba haina bendi. Kamari imehama. Ilitoka kwenye jengo ikaingia kwenye mashine za vibandani, zile za rangi kali zilizomeza sarafu za shilingi 20 hadi serikali ikazizungukia na kuziponda. Halafu ikaingia kwenye simu. Siku hizi Isiolo, kutoka Kambi ya Juu hadi Kulamawe, utapata kijana ameinamia simu akitazama kindege cha Aviator kikipanda, kidole tayari. Hakuna mwimbaji. Hakuna zulia. Hakuna mpiga besi anayelipwa hata shilingi moja ya ile hasara. Kasino ya zamani ilikula pesa yako, lakini njiani ililisha watu kadhaa waliojua muziki. Simu imetuonyesha kwamba chambo hakikuhitajika. Tunaingia wenyewe.

Nikiwa mhakiki nadhani hilo linabadilisha namna ya kuzitazama zile shoo za manyoya. Zamani ungeweza kusema sanaa ndiyo inayoifanya kamari ipendeze, kwa hivyo sanaa ina hatia. Leo sanaa imeondolewa na kamari imekua. Basi ile hatia tuliyomwekea mnenguaji wa Koinange tumrudishie mwenyewe. Alikuwa mfanyakazi.

Turudi Isiolo. Shoo zetu za hadhara nyingi nilizozitazama tangu utotoni zilikuwa chini ya hema, kwenye sherehe ya serikali au mkutano wa shirika. Kundi la vijana linaitwa, Waborana wanakuja na zao, Waturkana na zao, Wasamburu, Wasomali, Wameru. Kila kundi linapewa dakika tano. Mgeni wa heshima akichelewa, zinakuwa dakika mbili. Hakuna anayewauliza wimbo unahusu nini. Baada ya hapo soda, bahasha, kwaheri. Ukienda upande wa mbuga, Buffalo Springs au Shaba, hali ni ileile ikiwa na watazamaji wazungu: chakula cha jioni kikiisha, morani wanaingia, wanaruka, wanatandika shanga za kuuza kwenye nyasi. Nimewatazama mara nyingi, na nitawatetea kwa jambo moja: wao ni wenyewe. Mtu anayeruka pale hajavaa ngozi ya kitambaa, na nyimbo anaziimba kwa lugha aliyozaliwa nayo. Lakini wamewekwa pale pale alipowekwa mwimbaji wangu wa rumba, kati ya kahawa na kulala, kama kitu cha kupitishia muda.

Halafu kuna ile shoo kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa kaunti hii, ambayo sisi hatukuiona. Mwaka 2001 Wamarekani walikuja Shaba kurekodi Survivor, washindani kumi na sita wakitafuta dola milioni moja. Mamilioni ya watu kule kwao wakakaa mbele ya televisheni wakitazama vichaka vyetu. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nilikuja kuiona nikiwa mkubwa, kwenye simu, na nilichokuwa natafuta kila kipindi ni mtu wa kwetu. Wapo, kwa sekunde chache, kama mandhari. Ukiitazama vizuri ile nayo ni kasino: kuna dau, kuna wanaotolewa, na nyumba inashinda kila mara. Sisi tulikuwa zulia.

Kwa hivyo mji wa Kipsing ukija, na mambo ya Isiolo huja kwa mwendo wa ngamia aliyeshiba, najua ukumbi wa shoo utakuwepo. Miji ya aina hiyo haijengwi bila ukumbi. Watatafuta wachezaji, na watawapata kwa dakika kumi, kwa sababu tuna vijana wanaocheza vizuri kuliko wanavyolipwa. Wengi watachukua hiyo kazi na mimi sitawazuia. Mshahara wa kila mwezi ni kitu cha heshima, muulize yeyote anayesubiri bahasha chini ya hema. Mashehe watapinga kamari, na wana haki yao, mji huu una misikiti mingi na kumbukumbu ndefu. Wanasiasa watabishana juu ya ardhi, na ubishi huo ni wa msingi kuliko wangu, maana ile ardhi ina wafugaji wake.

Lakini katikati ya ubishi wote huo hakuna atakayeuliza kuhusu jukwaa, kwa hivyo nauliza mimi, mapema, kabla mchoro haujakauka. Nani atatunga ile shoo? Kama atakuwa mtu wa Nairobi aliyejifunza kutoka kwa mtu aliyejifunza kutoka Vegas, tutapata manyoya na ngao tena, na dada zetu watafundishwa kuigiza Waborana na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye harusi ya Waborana. Wimbo utakuwa na urefu gani? Nyimbo za ng'ombe na za visima haziishi kwa dakika nne, na ukizikata zinabaki midundo tu. Na nani atashika kile kitufe cha sauti?

Si lazima tuanzie sifuri. Nairobi, Ngara, sinema ya zamani ya Shan iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, na shirika la Sarakasi, lililoanzishwa 2001, limekuwa likifundisha wanenguaji na wanasarakasi ndani yake. Jengo lililokuwa la starehe ya wengine likawa shule. Wanasarakasi wa Kenya wanazunguka dunia sasa, kwenye meli, kwenye sarakasi za Ulaya, kwenye hoteli za Ghuba, na wengi wao wanaujua mkataba kuliko mimi. Watu kama hao ndio ningetaka wakae mezani siku ya kuchora Kipsing, pamoja na wale akina mama wa Merti na Garba Tulla wanaojua nyimbo zinaanza vipi na zinaisha wapi.

Na mchoro ukitoka, wakiubandika ukutani pale ofisi za kaunti kama wanavyopenda kubandika michoro, sitaanza kwa kuhesabu vyumba vya hoteli. Nitatafuta ukumbi, kisha niweke kidole mlangoni na kukivuta hadi barabarani, nione kama mtoto wa Bula Pesa anaweza kutoka kwenye matatu, alipe mia mbili, aingie moja kwa moja aketi, bila kupita katikati ya mashine.